Uko Mbele Lakini Hujashinda: Maswali Yenu Kuhusu Rizavu Kwenye Minada ya Mtandaoni

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: rizavu, ile bei ambayo muuzaji humwachia dalali akimwambia asiuze chini ya hapo. Mara nyingi mnunuzi haonyeshwi. Tumejibu zile zinazowagusa wengi. Bei zilizomo kwenye mifano ni za kufanyia hesabu tu, msizichukue kuwa bei za soko.

Nilishindania tuktuk iliyotwaliwa na mkopeshaji. Kikomo changu kilikuwa shilingi 310,000. Mpaka saa inaisha mimi ndiye nilikuwa mbele, na skrini ilionyesha 285,000. Kisha pakaandikwa "rizavu haijafikiwa", na wiki iliyofuata tuktuk ikatangazwa tena. Sasa nani alishinda?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Hakuna aliyeshinda, ndugu, kwa sababu hakuna kilichouzwa. Mnada wenye rizavu una masharti mawili: uwapite wenzako, tena ufike bei ya muuzaji. Wewe ulitimiza la kwanza tu.

Kilichokuchanganya ni ile 285,000. Ulipoandika 310,000 hukuweka dau la 310,000. Uliiambia mashine ikupandie kidogo kidogo, na isivuke hapo. Bila shaka mshindani wako wa karibu alikuwa na kikomo cha 280,000, na hatua ya kupandia ni 5,000, basi mashine ikakufikisha 285,000 ikatulia. Haikuwa na wa kushindana naye tena. Hata ingetumia zote 310,000, kama rizavu ni 350,000 usingepata kitu.

Tuktuk ikirudi mnadani, itazame vizuri kabla ya kukasirika. Mara nyingi muuzaji aliyeona dau la juu limekwama mbali na bei yake huishusha. Dalili nzuri ni pale bei ya kuanzia inapopanda na neno rizavu kutoweka: hapo muuzaji ameamua kuiweka bei yake ya chini wazi, na atakayeweka dau la kwanza anaweza kuondoka na chombo. Unaweza pia kumpigia dalali na kumuuliza moja kwa moja, "Je, 310,000 iko karibu au mbali?" Wengine hawajibu. Wengine hujibu bila kutaja namba, na jibu hilo linakutosha.

Lakini kabla ya kuwazia bei ya muuzaji, jua yako. Tuseme tuktuk ya mwaka huohuo, ikiwa nzima, inauzwa Kisumu kwa 420,000. Ondoa matairi, betri na kazi ya fundi, 35,000. Ondoa lori la kuileta kutoka yadi ya Nakuru, 8,000. Ondoa gharama za kubadilisha umiliki na bima ya kuanzia, 7,000. Zinabaki 370,000. Kama dalali anamtoza mnunuzi kamisheni ya asilimia 5, na kamisheni hiyo inalipiwa VAT ya asilimia 16, kila shilingi 100 ya dau inakugharimu 105.80. Gawa 370,000 kwa 1.058, unapata kama 349,700. Hicho ndicho kikomo chako. Kama rizavu ilikuwa 350,000, basi mnada ule haukuwa wako tangu mwanzo, na hukupoteza chochote. Wanaoumia ni wale wanaosahau kamisheni, wakashinda kwa 370,000 kisha wakapewa ankara ya 391,460.

Dau lilikuwa 250,000. Nikaweka kikomo cha 400,000. Papo hapo bei ikaruka hadi 350,000, na hakuna mtu mwingine aliyeweka dau! Huu si wizi?
*Msomaji, Section 58, Nakuru*

Si wizi. Kikomo chako kilivuka rizavu, na rizavu ilikuwa 350,000. Mifumo mingi ya mnada imeundwa hivyo, eBay ikiwemo: kikomo cha mtu kikishafika au kupita rizavu, bei inayoonekana hupandishwa mara moja hadi kwenye rizavu yenyewe, bila kufuata hatua za kawaida. Kuanzia hapo pameandikwa "rizavu imefikiwa", na mnada unaendelea kama mnada wowote. Akija mtu mwenye kikomo cha 380,000, wewe utaonyeshwa 385,000. Akija mwenye 400,000 kamili, utabaki mbele, kwa kuwa kikomo kinapolingana aliyetangulia ndiye mwenye haki.

Hata hivyo tunaelewa hofu yako, maana kuna ujanja unaofanana na huo. Muuzaji hujipandishia bei mwenyewe kwa akaunti ya rafiki au ya shemeji. Fungua historia ya madau. Akaunti inayoshindania bidhaa za muuzaji mmoja tu, inayopanda kwa hatua ndogo ndogo dhidi yako bila kuchoka, kisha ikiondoa dau lake mara tu inapokupita, hiyo ichunguze. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iko wazi: muuzaji anaweza kutangaza kwamba mnada una rizavu, na anaweza kujitengea haki ya kuweka dau, mradi aseme hivyo kabla. Asiposema, kujinadia mwenyewe au kumtuma mtu ni kinyume cha sheria, na mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Kwa hiyo soma masharti ya mnada ukitafuta sentensi moja: je, muuzaji amejipa haki ya kuweka dau? Kama amejipa, kwa kawaida ni hadi kwenye rizavu tu. Rizavu ikishafikiwa, mkono wake kwenye mnada hauna kisingizio.

Dalali mwenye leseni anayefumbia macho mambo hayo anaweza kushtakiwa kwenye bodi ya leseni za madalali, iliyoundwa chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Hifadhi picha za skrini zenye saa. Bila hizo huna kesi.

Kuna njia ya kuijua rizavu kabla?
*Msomaji, Kanduyi, Bungoma*

Kuijua kwa hakika, hapana. Kuikaribia, ndiyo.

Wengi hupapasa: wanapandisha dau hatua moja moja hadi maandishi yabadilike na kuwa "rizavu imefikiwa". Inafanya kazi, lakini kila unapobonyeza umejifunga. Ukivuka rizavu kwa udadisi tu na hakuna mwingine nyuma yako, chombo ni chako na ankara inakuja. Papasa chini ya kikomo chako pekee.

Nyumba kubwa za mnada kama Christie's na Sotheby's huchapisha makadirio ya bei, kwa mfano 80,000 hadi 120,000, na rizavu haiwekwi juu ya lile kadirio la chini. Ukiona makadirio ya namna hiyo umeshapewa nusu ya jibu. Yadi nyingi za hapa hazitoi makadirio. Hapo uliza kama kuna ripoti ya mthamini. Usikisie rizavu kwa kutazama deni lililobaki: deni linaweza kuwa kubwa kuliko thamani ya gari lenyewe, na mkopeshaji analijua hilo.

Na usingoje sekunde ya mwisho kama ufanyavyo kwenye minada ya kawaida. Pale ambapo kuna rizavu, dau lako la sekunde ya mwisho likipungua kidogo tu, huna muda wa kuongeza. Baadhi ya mifumo huongeza dakika chache kila dau linapoingia mwishoni. Mingine hufunga saa ileile, iwe umeme umepotea Bungoma mjini au la. Soma ni ipi kabla ya siku yenyewe.

Ninauza mashine ya kusaga posho kupitia mnada wa mtandaoni. Niliinunua 180,000 mwaka 2019. Rizavu niiweke ngapi?
*Msomaji, Lurambi, Kakamega*

Kwanza isahau ile 180,000. Mnunuzi haijui, na akiijua haimhusu. Rizavu inayotokana na bei uliyonunulia, au na ada ya shule unayotaka kulipa, ndiyo inayofanya mashine nyingi zizunguke mnadani mara tatu nne bila kununuliwa, kila mara zikionekana mbovu zaidi machoni pa watu.

Anza na swali hili: isipouzwa, kesho utapata nini? Tuseme fundi wa Webuye atakupa 66,000, lakini kuitoa yadi na kulipia siku ilizokaa kutakula 6,000. Basi kwako ina thamani ya 60,000, na rizavu yoyote chini ya hapo ni hasara. Sasa kadiria bei kubwa kabisa ambayo mnunuzi mwenye akili timamu anaweza kulipa, tuseme 120,000. Mwaka 1981 mwanauchumi Roger Myerson, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2007, alionyesha kwamba rizavu inayomfaa muuzaji huwa juu ya thamani ya kitu kwake mwenyewe. Ikiwa bei za wanunuzi zimetawanyika sawasawa hadi kile kilele, inaangukia katikati: 60,000 jumlisha 120,000, gawa kwa mbili, 90,000. Ajabu ni kwamba idadi ya wanunuzi haiibadilishi. Inayobadilika ni hatari ya kutouza. Kama bei zao ziko kati ya 60,000 na 120,000, akija mnunuzi mmoja kuna nusu kwa nusu kwamba mashine itabaki. Wakija wawili, ni robo. Wakija watatu, ni moja kwa nane. Kama huwezi kustahimili hatari hiyo, shuka kuelekea 70,000.

Hesabu hiyo ina tundu moja, nalo ni kubwa. Inachukulia kwamba wanunuzi watakuja vilevile, rizavu iwepo isiwepo. Rama Katkar na David Reiley waliuza kadi za Pokémon kwenye eBay, kadi zilezile mbili mbili, moja ikiwa na rizavu ya siri, nyingine bei ileile ya chini ikiwa wazi kama bei ya kuanzia. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006, zile za siri zilivuta washindani wachache zaidi, zilikosa kuuzwa mara nyingi zaidi, na ziliingiza pesa kidogo. Mtu hapendi kupoteza jioni nzima akishindana na ukuta asiouona.

Kadi si mashine ya posho, ni kweli. Lakini kwa kitu cha aina yako, tungeandika bei ya kuanzia 75,000 au 80,000, wazi, bila rizavu yoyote ya siri. Rizavu ya siri tungeiacha kwa vitu vyenye wanunuzi wachache wanaojuana, kama trekta kubwa au mtambo wa kiwandani, ambapo kuonyesha bei yako ya chini ni kuwapa mahali pa kukubaliana wasivuke.

Kabla ya kutia sahihi na dalali, tafuta kwenye mkataba gharama za kitu kisichouzwa: tangazo, siku za yadi, ada ya kurudisha. eBay, kwa mfano, hutoza ada ya rizavu hata kitu kisiponunuliwa. Na kama madau yameshaanza kuingia, kuishusha rizavu hakumdhuru mtu. Kuipandisha ni kuwachezea waliokuamini.

Tangazo linasema jenereta inauzwa "bila rizavu". Nikiweka elfu ishirini na pasitokee mwingine, kweli watanipa?
*Msomaji, Naivasha*

Kama tangazo ni la kweli, ndiyo. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Barry dhidi ya Davies. Mashine mbili mpya za kupimia injini ziliwekwa mnadani bila rizavu. Kila moja ilikuwa na thamani ya takriban pauni 14,000. Dau pekee lilikuwa pauni 200 kwa kila moja, na dalali akaziondoa kwa kuona bei ni aibu. Mahakama ikamwamuru amlipe mnunuzi pauni 27,600. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa imefuata ya kwao na mawakili huzitaja.

Angalia tu kwamba "bila rizavu" haijaambatana na bei ya kuanzia ya 300,000. Hiyo ni rizavu iliyovaa nguo nyingine.

Ploti ya baba iko kwenye mnada wa benki, madau yanapokelewa mtandaoni. Benki haitaki kutuambia rizavu. Tunaogopa itauzwa kwa bei ya kutupa.
*Msomaji, Mamboleo, Kisumu*

Poleni. Hata kama benki haiwatajii rizavu, haiwezi kuitoa hewani. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inaitaka itafute bei bora inayoweza kupatikana, na kabla ya kuuza ihakikishe mthamini amekadiria bei ya mauzo ya lazima. Kwa kawaida rizavu huegemea ripoti hiyo, ambayo huwa chini ya bei ya soko. Ombeni nakala kwa barua, mkitaja kifungu. Mkiona ripoti ni ya zamani au imepima ploti isiyo yenu, leteni mthamini wenu mwenye leseni na mwende kwa wakili kabla ya siku ya mnada. Baada ya hapo mambo huwa magumu sana, kwa kuwa haki ya kukomboa mali huisha nyundo inapogonga.

Hakikisheni pia notisi zimefuata sheria: siku 40 za notisi ya kuuza chini ya Sheria ya Ardhi, na siku 45 za dalali chini ya kanuni zake. Notisi yenye kasoro imesimamisha minada mingi kuliko malalamiko ya bei.

Hivi rizavu ndiyo iliyofanya chai yetu ikwame Mombasa?
*Msomaji, Mudete, Vihiga*

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mnada wa chai wa Mombasa ulihamia mtandaoni wakati wa korona mwaka 2020. Julai 2021 chai ya viwanda vya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, ikawekewa rizavu moja ya dola 2.43 kwa kilo, kwa nia ya kumlinda mkulima. Shida ni ile namba moja kwa wote. Chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa, kama ya Murang'a na Kirinyaga, ilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuivuka bei hiyo. Chai ya magharibi, yaani Kericho, Bomet, Nandi, Kisii na kwenu Vihiga, kwa kawaida huuzwa chini zaidi. Rizavu iliyokuwa sakafu kwa wenzenu ikawa dari kwenu. Mnunuzi wa Pakistan au Misri hakuona sababu ya kulipa bei ya Kirinyaga kwa majani mengine, akasubiri.

Chai isiyonunuliwa inarudi ghalani, inalipiwa hifadhi, na inaporudi mnadani imepoteza ubichi, basi dau linashuka zaidi. Wakati huohuo pesa ya bonasi haijaingia. Baadaye rizavu hiyo iliondolewa. Kama itawahi kurudi, wakurugenzi wenu wa kiwanda waulizwe swali moja tu: itapangwa kwa kiwanda na daraja la chai, au itakuwa tena namba moja kwa nchi nzima?

Mnada umefungwa, rizavu haikufikiwa, na dalali amenipigia simu akiniomba niongeze elfu thelathini. Nimjibu vipi?
*Msomaji, Njoro*

Simu hiyo ni ya kawaida, na ni habari njema kwako. Ina maana hakuna aliyekupita, na muuzaji amechoka kungoja. Mengi huuzwa hivi, baada ya mnada. Usikubali elfu thelathini palepale. Mwulize kama muuzaji mwenyewe ameridhia bei hiyo au yeye dalali anabahatisha, kisha mpe namba yako kulingana na kikomo ulichohesabu, na umpe muda, tuseme hadi kesho saa sita mchana. Akikubali, mwambie atume kwa maandishi: namba ya bidhaa kama ilivyokuwa kwenye mnada, bei, kamisheni, na kama mauzo haya bado yako chini ya masharti yaleyale ya mnada. Hili la mwisho wengi hawalitaji, halafu wanakuta hawana haki ya kukagua wala kurudishiwa amana.

Kama aliyepiga simu humjui, kata, kisha piga mwenyewe namba iliyo kwenye tangazo. Matapeli hufuatilia minada iliyokwama na kuwapigia walioshindwa wakijifanya muuzaji, wakitaka pesa kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni ya mnada iliyotajwa kwenye masharti, na usilipe salio kabla ya kuona kitabu cha gari na kulinganisha namba ya chesi na ile iliyogongwa kwenye chuma.